Makofi ya Dakika Kumi na Moja

Aliimba. Nawajibu ninyi mliomsumbua mhariri wiki nzima mkiuliza: ndiyo, Maman Sikujua aliimba, na laiti angejua alichokuwa akikiamsha, angejifanya ana kikohozi.

Kwa aliyechelewa nitasema mara moja tu, asiniulize tena. Miaka ile ya Zaïre, Citoyen Tambwe alikuwa Commissaire wa zone ya Nyabishaka, hapa Bukavu, zone ambayo usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Alitujengea rond-point yenye maua, na rond-point hiyo ilikuwa na barabara moja tu. Gari liliingia, likazunguka, likarudi lilikotoka. Watu wakacheka. Tambwe akasikia kicheko, akaapa kuipatia rond-point yake avenue ya pili, iliyonyooka moja kwa moja mpaka ziwani.

Katikati ya mnyoofu huo ilikaa nyumba ya mbao ya Maman Sikujua na mumewe Gérard, seremala. Waliijenga kwa miaka tisa, bati moja moja.

Asubuhi ya Alhamisi Ignace, secrétaire wa zone, aliupiga mlango wao msalaba wa rangi nyekundu. Maana yake ilijulikana. Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya Serikali, zone nzima ingekuja na majembe kuibomoa, wakiwemo majirani waliosaidia kuiezeka. Asiyekuja na jembe angelala cachot, mahabusu ya zone.

Saa chache baadaye akafika Inspecteur kutoka Kinshasa. Alikuja kupima kama Tambwe anafaa kupanda cheo awe Commissaire sous-régional, huko mbali ambako barua husafiri wiki tatu. Ndipo Maman Sikujua, kiongozi wa waimbaji wa animation, zile nyimbo za kukisifu Chama, alipopata akili. Kumshtaki Tambwe ni kumbakiza. Kumbe dawa ni kumsifu mpaka achukuliwe. Akipanda kabla ya Jumamosi, nyumba imepona.

Wiki iliyopita nilimwacha mbele ya mkutano pale rond-point, mdomo wazi. Sasa anaufunga na kuufungua tena.

"Nani jua letu?" akauliza kwa ile sauti yake inayosikika mpaka ng'ambo ya mto Ruzizi.

Waimbaji walitakiwa wajibu: ni Chama. Wimbo ulifika hivyo kutoka juu, na kila mtoto wa shule aliujua hivyo.

"Ni Tambwe," wakajibu wanawake arobaini.

"Nani mvua yetu?"

"Ni Tambwe."

"Nani alituzaa mara ya pili?"

"Ni Tambwe, Tambwe, Tambwe."

Inspecteur, mtu mfupi mwenye suti ya abacost ya kijivu, alikuwa akitafuna karanga. Akaacha.

Makofi yakaanza. Maman Sikujua alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba mchana ule, akiwapa watu ujumbe mmoja: pigeni mpaka mikono iwake, tumuage huyu mtu. Nao wakapiga. Walipiga waliohamishwa, waliofungwa kwa kutopaka kuta zao rangi ya kijani, na waliolazimishwa kupanda maua mahali palipokuwa na maharage yao.

Maman Zabibu akapanda juu ya kasha la sabuni. Huyu ni mwenye boutique, mtu wa Uvira, na ulimi wake haujawahi kukosa kazi.

"Miye nitasema kweli," akasema. "Commissaire alihamisha soko mara tatu mu mwaka moja. Mara ya kwanza nililia. Sasa niko najua njia zote za zone. Nani angenifundisha ile yote, kama haiko yeye?"

Makofi.

"Na miye," akadakia Papa Grégoire kutoka nyuma. "Alikataza mabata. Nilikuwa na mabata makumi mbili. Sasa asubuhi iko kimya, nasikia radio muzuri sana."

Makofi tena. Sifa zina utamu wa kasiksi, ukionja unamaliza kibuyu. Watu waliokuja kwa hila walianza kujisikia, wakashindana, na kila mmoja akatafuta jeraha lake aligeuze shukrani. Mzee mmoja alishukuru hata kwa cachot, akasema sakafu yake ilimponya mgongo.

Tambwe alikuwa analia. Jitu zima, kofia ya chui kichwani, machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Akamwinamia Inspecteur.

"Unaona, Citoyen Inspecteur. Miye niko mu roho yabo."

Inspecteur hakumtazama. Alitazama saa ya mkononi.

"Ku kufungua mukutano, ku jina la Chama, makofi dakika mbili," akasema polepole. "Ku jina yako, dakika kumi na moja."

"Na hawa batu beko na njaa," Tambwe akajibu kwa fahari. "Kama bangekula, bangefika makumi mbili."

Ignace ndiye aliyeelewa wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa akisoma circulaires, barua za maagizo kutoka juu, kwa niaba ya zone nzima. Akasogeza kiti chake hatua moja kutoka kwa bosi wake. Akafikiri kidogo, akaongeza ya pili.

Kisha akaelewa Maman Sikujua. Zaïre ya miaka ile ilikuwa na jua moja tu, na jua hilo halikukaa Nyabishaka. Mkubwa mdogo aliruhusiwa kuiba, kulala kazini, hata kuoa mke wa mwenziwe. Kupendwa na watu kuliko waliomtuma ndiyo dhambi isiyosamehewa. Nyimbo zote alizoimba maishani alizijua kwa moyo, na siku moja ya kubadili jina ndani ya wimbo alikuwa amemwita Tambwe jua mbele ya mtu wa Kinshasa.

Inspecteur akasimama. Makofi yakakatika.

"Ule mama wa kuimba," akasema. "Aletwe kule ku bureau. Yeye peke."

*

Bureau ya zone ilikuwa na benchi nje, chini ya dirisha. Ni benchi la wenye shida: watu walilikalia tangu saa moja mpaka saa nane wakimngoja Commissaire, na mara nyingi waliambiwa warudi kesho. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, Commissaire mwenyewe aliambiwa angoje pale.

Sikujua akapita mbele yake. Tambwe akamtabasamia, bado macho mekundu kwa furaha.

"Maman Sikujua, useme muzuri juu yangu," akanong'ona.

Ndani, Inspecteur alikuwa ameketi kwenye kiti cha Tambwe.

"Fanda," akasema, akamwonyesha kiti kingine, naye Sikujua akakaa. "Ile wimbo, nani alikufundisha kubadilisha?"

Sikujua akapima majibu yake. Aliona milango mitatu, na yote mibaya. Akisema ni akili yake mwenyewe, cachot ni yake. Akisema ni watu wanaompenda Tambwe kwa kweli, zone nzima itaandikwa kama waasi. Lakini akisema, "Tambwe aliniagiza," basi jioni ile ile gari la Inspecteur lingeondoka na Tambwe nyuma, bila mkanda na bila viatu. Nyumba ingebaki imesimama, na hakuna ambaye angemlaumu.

Nawaambia kweli, wasomaji, neno lile lilimfika kwenye ulimi.

Akatazama dirishani. Kutoka pale alikiona kisogo cha Tambwe, ameinama, anafuta viatu kwa leso ili aonekane nadhifu atakapoitwa. Na Sikujua akakumbuka jambo ambalo hakulitaka. Kabla wakubwa hawajalazimishwa kuacha majina ya ubatizo, huyu Tambwe alikuwa Jean-Baptiste, na wote wawili walisoma katekisimu benchi moja. Siku moja padri alimuuliza Sikujua swali asilolijua. Jean-Baptiste alimnong'onezea jibu, akakamatwa, akapigwa fimbo nne, na wala hakulitaja jina lake. Alikuwa mpumbavu tangu utotoni, lakini fimbo zile zilikuwa za Sikujua. Akamhurumia, akajichukia kwa kumhurumia.

"Loba, mama," Inspecteur akamhimiza. "Sema."

"Tunamuchukia," Sikujua akasema.

"Nini?"

"Tunamuchukia, Citoyen. Batu bote, kutoka rond-point mpaka ku ziwa. Anataka kuvunja nyumba yangu posho hii, Jumamosi. Tukasema: tukimushitaki, atabaki. Tumusifu, bamupandishe, aende mbali. Ile wimbo haiko ya mapendo. Ni ya kumufukuza na muziki."

Kalamu ya Inspecteur ilibaki hewani.

"Na dakika kumi na moja?"

"Tulitaka kuwa hakika."

"Unadanganya. Unataka kumuokoa."

"Angalia ku dirisha," Sikujua akasema.

Inspecteur akainuka akachungulia. Uwanja ulikuwa umejaa, watu mia na zaidi, wote waliopiga makofi. Jua lilikuwa kali. Tambwe alikaa peke yake kwenye benchi la watu wanane. Hakuna aliyemkaribia. Hakuna aliyemletea hata kikombe cha maji, na Papa Grégoire, mwenye mabata, alikuwa amesimama mahali ambapo kivuli chake kingeweza kumsaidia Commissaire, akasogea pembeni ili kisimfikie.

Inspecteur alitazama kwa muda mrefu. Mabega yakaanza kumtikisika. Sikujua alidhani ni hasira, lakini mtu yule alikuwa anacheka, anacheka mpaka akashika meza.

"Solo," akasema akijipangusa macho. "Kweli kabisa. Sasa niambie yote. Alifanya nini tena?"

Sikujua akamwambia. Rond-point, mabata, rangi ya kijani, maharage, soko mara tatu. Alidhani anamzamisha Tambwe ndani ya cheo chake kile kile, na moyo ukamwuma, maana Tambwe asiyepanda ni Tambwe wa Jumamosi na majembe. Lakini kila alivyotaja kosa, Inspecteur aliandika na kuitikia kwa kichwa kama mnunuzi wa ng'ombe aliyeridhika na meno.

"Na barua za kumushitaki zilitumwa?"

"Kumi na nne. Ignace alizifunga mu sanduku."

"Muzuri sana."

"Muzuri namna gani, Citoyen?"

Inspecteur akafunika kalamu. Alikuwa amefanya kazi Kisangani, ndiko alikookota Kiswahili chake, na alikisema bila haraka.

"Mama, sikiliza. Mutu batu banapenda, siku moja atasikia kama yeye iko mukubwa. Mutu batu banachukia, anatuhitaji siye kila siku. Tukitoka nyuma yake, banamula. Ule ndiyo mutu wa kupandisha." Akagonga faili kwa kidole. "Kama ungesema banamupenda, leo angelala Kinshasa mahali mubaya. Umemuponyesha, na umemupa cheo."

Sikujua hakujua acheke au alie. Akauliza lile lililomfanya aimbe.

"Na nyumba yangu?"

"Nitaandika. Avenue inakufa leo."

Akaandika karatasi mbili, akazipiga zote mbili mhuri wa cachet, akazitia bahasha moja, akailamba.

"Utafungua ku nyumba," akasema. "Mwaka muzima natembea, zone kumi na saba. Ni weye tu uliniambia kweli. Mutu kama weye, Serikali haiwezi kumupoteza."

Sikujua aliyachukua maneno hayo kama sifa. Laiti angeyasikiliza vizuri zaidi.

*

Tangazo lilisomwa pale pale kwenye ngazi za bureau. Citoyen Tambwe, kwa uongozi wake usio na mfano, anateuliwa Commissaire sous-régional. Ataondoka Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.

Vigelegele vilipigwa, na safari hii vilikuwa vya kweli. Maman Zabibu alifungua katoni ya biskuti akagawa bure, jambo ambalo boutique yake haijalirudia mpaka leo. Ignace alizirudisha zile hatua zake mbili, halafu akaongeza ya tatu, akawa wa kwanza kumpongeza bosi wake.

Sikujua hakungoja biskuti. Aliteremka mbio, bahasha chini ya kikwembe alichojifunga, mpaka nyumbani. Alimkuta Gérard amepiga magoti mbele ya mlango na kitambaa chenye pétrole, anaufuta msalaba. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Mukono moja ya msalaba ulishatoka," Gérard akasema. "Bibi, tumepona. Nitaweka na véranda. Hakuna mutu atatutoa mu hii nyumba tena."

Sikujua akaingia ndani, akapasua bahasha. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya nyumba: avenue imefutwa, nyumba isiguswe. Akaibusu. Akafungua ya pili. Inspecteur alikuwa ameandika kwa Kiswahili chake ili aeleweke, na Sikujua akaisoma akiwa amesimama, halafu akaisoma tena akiwa amekaa.

Alikuwa amehamishwa. Ataondoka pamoja na Commissaire, Jumamosi saa kumi na mbili, kuwa mkubwa wa animation huko mbali. Kazi hiyo ilikuwa ya machoni pa watu. Ya kweli ilikuwa chini yake: kila mwisho wa mwezi ataandika mstari mmoja kwenda Kinshasa, kusema kama watu bado wanamchukia Tambwe. Siku watakapoanza kumpenda, apeleke télégramme. Akikataa, nyumba ni mbao tu, na mbao huvunjika.

Alitafuta jina la Gérard mstari kwa mstari. Halikuwemo.

Alipigana ili nyumba ibaki na Tambwe aende. Nyumba inabaki, Tambwe anaenda, na yeye anaenda naye. Nje alimsikia mumewe akipiga mluzi na kusugua mlango. Alitamani atoke amwambie, akabaki ameketi. Miaka tisa, bati moja moja, na sasa angeiacha nyumba ikiwa nzima. Akalia kimya, mdomo kwenye kikwembe, Gérard asisikie.

Honi ikalia juu kwenye rond-point. Jeep ya zone ilizunguka maua mara moja, ikazunguka mara ya pili kwa furaha tu, halafu ikashuka kwa njia ya miguu mpaka mlangoni. Tambwe akateremka, kofia ya chui imekaa upande. Majirani wakaanza kujikusanya.

Sikujua akajipangusa uso, akazikunja karatasi zote mbili, akazichomeka kiunoni, akatoka.

"Maman Sikujua," Tambwe akasema, na sauti yake ilikuwa laini ajabu. "Inspecteur aliniambia: tunaenda pamoja. Alisema mule bureau uliniponyesha. Sijui namna ya kukushukuru. Unakumbuka fimbo za padri? Leo umezirudisha."

Gérard akainua kichwa kutoka kwenye msalaba.

"Kuenda pamoja wapi?"

"Hajakuambia bado? Muke yako ni mukubwa sasa," Tambwe akasema. "Iko na barua ya mutation, ya kuhama, na cachet ya Kinshasa. Ile karatasi iko wapi, Maman? Nataka kuona kama baliandika jina yangu muzuri."

"Nimeiacha ndani," Sikujua akasema. "Ile niko nayo hapa ni ya nyumba tu."

"Ya nyumba?" Gérard akasimama, mikono inanuka pétrole. Neno nyumba lilikuwa limefuta mengine yote kichwani mwake. "Basi Commissaire aisome yeye mwenyewe, mbele ya batu bote. Yeye ndiye alileta ile msalaba. Tusikie na masikio yetu."

Na kabla Sikujua hajarudi nyuma hatua moja, mumewe alinyoosha mkono, akachomoa karatasi iliyokuwa juu, akampa Tambwe bila hata kuitazama.

Sikujua akapapasa kiunoni. Iliyobaki ilikuwa ile ya nyumba, bado imelowa pale alipoibusu.

Tambwe akavaa miwani. Akakohoa kidogo, kama alivyozoea kwenye mikutano, akaishika karatasi mbali na macho.

"Kwa Citoyenne Sikujua," akasoma kwa sauti kubwa. "Ya siri."

Majirani wakasogea ili wasikie vizuri.